Baba amepata mshtuko wa moyo: je, ni kweli misuli ina homoni zinazotibu moyo?

SWALI: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 57, ni fundi mwashi hapa Morogoro. Wiki 5 zilizopita alipata mshtuko wa moyo, akakimbizwa Dar es Salaam, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti moja (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi). Karatasi ya eko (kipimo cha picha ya moyo) inasema EF 45%. Anatumia aspirini, klopidogreli, atovastatini, bisoprololi na enalaprili. Tangu arudi tumemkataza kufanya chochote, hata maji ya kuoga anapelekewa. Anashinda kwenye kochi, miguu imekonda, na akienda chooni tu anahema. Sasa kuna mtu ametuambia kwamba misuli hutoa homoni zinazokarabati moyo, na kwamba homoni hizo zinauzwa kwenye vidonge, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua mgonjwa na mazoezi. Mama yuko tayari kuuza mbuzi wawili ili tununue chupa ya kwanza. Je, ni kweli? Na tukimruhusu baba atembee, hatutamwua?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonikaa si vidonge, ni ile sentensi yako ya mwisho. Hofu hiyo ninakutana nayo karibu kila siku kliniki, na mara nyingi inamdhuru mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwanza, mbuzi wasiuzwe. Huyo aliyewashauri amechukua jambo la kweli akalitumia kuuzia jambo lisilo la kweli. Ni kweli kwamba misuli hutoa kemikali zinazosafiri kwenye damu hadi kwenye moyo, ini, mafuta ya tumboni na hata ubongo. Si kweli kwamba mtu anaweza kuzipata kwa kumeza kidonge. Na kutembea kwa utaratibu hakutamwua baba. Ni sehemu ya matibabu yake, sawa na zile dawa 5 anazokunywa.

Nianze na hofu, maana ina historia na si ujinga wenu. Mshtuko wa moyo hutokea pale utando wa mafuta uliojijenga ndani ya mshipa wa moyo unapopasuka, damu ikaganda juu yake, na sehemu ya msuli wa moyo ikakosa damu. Ikipita takriban nusu saa, chembe za sehemu ile huanza kufa. Stenti imefungua njia na kuokoa kilichokuwa bado hai, lakini kilichokufa kinageuka kovu, na kovu hilo huchukua wiki 6 hadi 8 kukomaa. Wazee wakisema "kidonda hakijakauka" hawajakosea sana. Madaktari wenyewe walifikiri hivyo kwa muda mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita mgonjwa wa moyo alilazwa kitandani mwezi mzima au zaidi, huku akilishwa na wauguzi asije akainua mkono.

Mwaka 1952, madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walieleza jinsi walivyowainua wagonjwa wao 81 kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti. Kwa wakati ule ilionekana kama kuchezea maisha ya watu, lakini yale maafa yaliyotabiriwa hayakutokea. Kisha mwaka 1966, huko Dallas, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya njema, wa miaka kama 20, kwa wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Vijana wale wale walipimwa tena miaka 30 baadaye, na ikaonekana kwamba wiki 3 za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana wazima. Sasa mfikirie baba yako, miaka 57, moyo umejeruhiwa, wiki 5 kwenye kochi.

Kwa hiyo unaponiambia anahema akienda chooni, nina mambo mawili ya kuyatenganisha. Moja ni moyo wenyewe kuelemewa. Jingine ni miguu kusahau kazi. Kabla hajaanza mazoezi yoyote, angalieni haya leo hii: je, analala chali na mto mmoja kama zamani, au sasa anataka mito mitatu ili apate pumzi? Huamka usiku akitafuta hewa? Ukibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, kinaacha shimo? Uzito umepanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku chache? Likiwepo hata moja, msianze kutembea. Mpelekeni hospitali kesho asubuhi, maana huenda maji yanajaa mwilini na dawa zinahitaji kurekebishwa. Kama hakuna hata moja, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye miguu.

Hiyo EF ya 45% nayo isiwatishe. Haina maana kwamba moyo umebaki nusu. Inaonyesha ni sehemu gani ya damu iliyomo kwenye chumba kikuu cha moyo inayosukumwa nje kwa pigo moja. Hata moyo mzima hausukumi yote. Kwa kawaida ni asilimia 55 hadi 70. Baba ameshuka kidogo, na wengi hupanda tena katika miezi ya kwanza baada ya kuzibuliwa.

Sasa tuje kwenye homoni za misuli. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ukweli ulipochanganywa na biashara.

Zamani tulifundishwa kwamba msuli ni mashine tu: unapewa sukari na oksijeni, unavuta mfupa. Karibu mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliwapa watu mazoezi ya mguu na kupima damu inayoingia na inayotoka kwenye mguu huo. Damu iliyotoka ilibeba kemikali iitwayo interlukini-6 kwa wingi kuliko iliyoingia. Maana yake msuli wenyewe ulikuwa unaitengeneza na kuimwaga nje. Mwaka 2003 Profesa Bente Klarlund Pedersen na wenzake wakapendekeza jina la kundi zima la wajumbe hawa: mayokini. Tangu hapo wametajwa mamia. Na kwa kuwa misuli ya mifupa ni kama asilimia 40 ya uzito wa mwanamume, tunazungumzia kiwanda kikubwa kuliko tezi yoyote mwilini.

Interlukini-6 inafundisha jambo ambalo muuza vidonge hakuwaambia. Kemikali hii ikikaa juu kidogo usiku na mchana, kama inavyokuwa kwa mtu mwenye kitambi, sukari na mishipa inayowaka kwa ndani, ni dalili mbaya na huenda pamoja na hatari ya mshtuko wa moyo. Lakini ikipanda ghafla kwa sababu msuli umefanya kazi, kisha ikashuka baada ya saa chache, inafanya kinyume: inaamsha kemikali nyingine za kutuliza mchochota, yaani ile hali ya kinga ya mwili kuwaka bila adui. Hodi ni hodi, lakini ya jirani saa 4 asubuhi si sawa na ya mtu usiyemjua saa 8 usiku. Kwa hiyo hata kama ningekuwa na interlukini-6 mfukoni, nisingempa baba yako. Faida yake iko katika namna inavyokuja na kuondoka, na hilo linapangwa na kazi ya msuli.

Kuna jaribio la mwaka 2019, pia la Denmark, ninalolipenda kwa sababu lilifanywa kwa watu. Wenye vitambi waliendesha baiskeli za mazoezi kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi tu, mafuta yaliyozunguka viungo vya tumboni yalipungua. Wengine walifanya mazoezi yale yale huku wakipewa dawa inayozuia interlukini-6, na mafuta yao ya tumboni hayakupungua. Mafuta hayo ya ndani ndiyo yanayochafua damu na kuumiza mishipa ya moyo. Kwa hiyo mjumbe wa msuli si hadithi.

Wapo wengine. Irisini ilitangazwa mwaka 2012 na maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston, ikapewa jina la Iris, mjumbe wa miungu ya Wagiriki wa kale. Wanasayansi walibishana miaka kadhaa kama vipimo vyake kwa binadamu ni vya kuaminika. Wapo wajumbe wanaohimiza mishipa midogo kuchipua na wanaosaidia sukari kuingia kwenye chembe. Na yupo mayostatini, aliyegunduliwa mwaka 1997, ambaye ni breki: kazi yake ni kuuzuia msuli usikue. Kwa panya imeonekana kwamba moyo uliochoka wenyewe humwaga mayostatini kwenye damu na kuikondesha misuli ya miguu. Kwa hiyo mazungumzo ni ya pande mbili. Miguu inapeleka habari kwenye moyo, na moyo nao unapeleka habari kwenye miguu.

Hapa lazima niwe mkweli kwako. Sehemu kubwa ya habari kwamba mayokini "zinakarabati moyo" baada ya mshtuko inatoka kwa panya wa maabara. Kwa binadamu, kovu la moyo halirudi kuwa msuli. Chembe za msuli wa moyo kwa mtu mzima hujizalisha kwa chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kilichothibitishwa kwa binadamu ni mazoezi yenyewe: utafiti uliojumlisha majaribio mengi, kwa maelfu ya wagonjwa, unaonyesha kwamba mpango wa mazoezi baada ya mshtuko wa moyo hupunguza vifo vya magonjwa ya moyo kwa takriban robo, na hupunguza kurudi kulazwa. Mayokini ni sehemu tu ya maelezo ya kwa nini. Sehemu nyingine ni mishipa kujifunza kutanuka damu inapopita kwa kasi, presha na sukari kushuka, na usingizi kurudi.

Na sehemu kubwa ni miguu yenyewe. Nilikuwa na mgonjwa, seremala, aliyekuja kwangu miezi 2 baada ya mshtuko akiwa ameifunga suruali kwa kamba. Nilizungusha tepu ya fundi cherehani kwenye mapaja yake, yamekwisha. Tulimtembeza kwa dakika 6 kwenye korido ya mita 30, kwenda na kurudi. Alisimama mara mbili, mkono ukutani, macho chini. Baada ya miezi 3 ya kutembea na kuinuka kwenye kiti alirudi, tukatembea dakika zile zile. Hakusimama. Njia nzima alikuwa akinieleza mlango wa mninga aliokuwa anautengeneza. Nilimpima eko siku hiyo hiyo, na EF yake ilikuwa ile ile ya mwanzo. Moyo haukuwa umeongeza nguvu ya kusukuma. Misuli ilikuwa imejifunza kunyonya oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ile ile, hivyo moyo ukapunguziwa mzigo.

Sasa vidonge. Irisini na wenzake wengi ni protini. Ukimeza protini, tumbo linaivunja kama linavyovunja maharage na dagaa. Insulini ni homoni ya protini pia, na ndiyo maana wagonjwa wa kisukari wanachomwa sindano hadi leo. Hakuna kidonge cha irisini kilichoidhinishwa kutibu moyo popote duniani. Ninachoogopa zaidi ni kilichomo kweli ndani ya chupa. Virutubisho vya "misuli" vimewahi kukutwa na steroidi na vichangamshi visivyoandikwa kwenye lebo, na hivyo vyote ni hatari kwa mtu mwenye stenti. Mchanganyiko wa mitishamba nao unaweza kugombana na klopidogreli, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, mgonjwa akavuja damu au damu ikaganda ndani ya stenti. Naomba sana: asiache klopidogreli na aspirini hata siku moja kwa sababu mtu amemwambia anatumia dawa nyingi. Ni daktari wake tu wa kumwambia lini aache nini.

Basi aanzeje? Kama yale maswali ya juu yote jibu ni hapana, hana maumivu ya kifua akiwa ametulia, hana homa, na presha akiwa amekaa haijafika 180 juu wala 110 chini, aanze kwa kutembea barabara tambarare. Morogoro mna mlima mzuri, lakini usiwe wa mwezi huu. Dakika 5 asubuhi kabla jua halijawa kali na 5 jioni, mtu akiwa naye. Baada ya siku mbili tatu aongeze dakika 2, na akichoka siku inayofuata arudi nyuma kidogo. Asitembee akiwa ametoka kula. Asubiri kama saa moja. Aanze polepole na amalize polepole. Asisimame ghafla, maana kwa dawa zake damu inaweza kubaki miguuni akasikia kizunguzungu. Lengo ni kufika dakika 30 kwa siku 5 za wiki, ambazo ndizo zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ikichukua miezi 2 au 3, sawa.

Watu watamwambia apime mapigo ya moyo. Kwake hayatasaidia sana, kwa sababu bisoprololi inayashusha makusudi. Tumieni mdomo. Akitembea aweze kukusimulia habari ya nyumba aliyojenga kwa sentensi nzima, lakini akijaribu kuimba ashindwe. Akikata maneno katikati, apunguze mwendo. Akiimba vizuri, aongeze.

Kwa kuwa misuli imekwisha, kutembea peke yake hakutatosha. Baada ya wiki 2 au 3 za kutembea bila shida, mara tatu kwa wiki akae kwenye kiti kigumu, ainuke bila kushika, akae tena, mara 8, apumzike, arudie. Asukume ukuta kwa mikono miwili. Ashike chupa za maji za nusu lita na kuinua mikono. Jambo moja la kuzingatia: asizuie pumzi akijikamua, maana presha hupanda ghafla. Atoe pumzi anapoinuka. Na ale protini, maharage, mayai, samaki, kwa sababu msuli haujengwi kwa uji mtupu.

Najua swali linalofuata ni kazi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na kukoroga zege ni kazi ya aina tofauti kabisa, tena juani. Asiirudie kwa kujisikia tu. Aombe kipimo cha moyo cha kutembea kwenye mashine kabla ya kurudi saiti, daktari aone moyo unafanya nini ukielemewa. Huenda akarudi kwanza kama msimamizi, akipima na kuelekeza vijana. Mwambieni hilo kama mpango, lisije likasikika kama adhabu. Fundi asiye na kazi huzama kwenye mawazo, na huzuni baada ya mshtuko wa moyo ni kitu ambacho nami kinanitia wasiwasi. Mkiona halali usingizi, hali chakula, na hataki watu, semeni kliniki.

Kuna na mambo ya unyumba. Hilo si lako kumwuliza baba, mwachie kaka yako au mjomba. Kwa kawaida anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema sana anaweza. Lakini asitumie dawa za kuongeza nguvu za kiume bila daktari kujua, hasa kama amepewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua. Dawa hizo mbili zikikutana, presha inaweza kuanguka vibaya.

Akiwa anatembea, kifua kikibana au maumivu yakienda kwenye taya au mkono, moyo ukaenda mbio bila mpangilio, au akaona giza, asimame na akae hapo hapo. Kama alipewa dawa ya chini ya ulimi, aitumie. Isipopoa ndani ya dakika 5, tafuteni gari mara moja, msisubiri kupambazuke, na asiende kwa bodaboda akiwa amekaa nyuma peke yake.

Kituo maalumu cha mazoezi ya wagonjwa wa moyo si rahisi kukipata nje ya miji mikubwa, lakini tafiti zimeonyesha kwamba mpango wa nyumbani ukifuatiliwa vizuri hutoa matokeo yanayokaribiana na ule wa hospitali. Kwa hiyo mkienda kliniki ombeni barua ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa, walau mara moja kwa mwezi, amsimamie na kumwongezea kiwango.

Nunua daftari la kurasa 40. Kila siku andika uzito wa asubuhi, presha kama mna mashine, dakika alizotembea, na neno moja tu alivyojisikia. Daktari akifungua kurasa hizo ataona kwa dakika mbili mambo ambayo baba, kwa kutotaka kuwasumbua, hatayasema. Na kesho asubuhi, kama zile dalili za juu hazipo, maji ya kuoga yaacheni bombani. Ajaze nusu ndoo, ayabebe mwenyewe hadi bafuni, nawe utembee nyuma yake.